Wakikuambia "Mungu Amenionesha", Usikurupuke

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii dada mmoja ameniandikia kutoka Iringa. Ni mwalimu, ana ajira ya serikali, na kiongozi wa huduma anakosali amemwambia "ameoneshwa" kwamba aache kazi aingie kwenye utumishi kabla mwaka haujaisha. Anaogopa kukataa asije akaonekana anampinga Mungu. Anauliza mimi niliwezaje kukataa nilipoambiwa ya kwangu.

Kwa machozi, dada yangu.

Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa la watu huko Mbeya. Mama mmoja wa maombi, niliyemheshimu kama mzazi, alisimama kwenye mkesha akasema Mungu amemwonesha mume wangu: kaka fulani wa kwaya. Vigelegele kanisa zima. Kaka naye akaanza kuniita mchumba mbele za watu. Mimi rohoni sikuwa na amani hata kidogo. Nikafunga, nikaomba, nikakaa na Neno. Sikupata msukumo wowote wa kwenda huko. Nikasema hapana.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Kwenye kwaya nikaambiwa "nipumzike kwanza". Akina mama wakawa wananiombea kwa sauti, mwenyewe nikiwepo, nitokwe na roho ya uasi. Baadhi yao leo wananipigia simu niwape dawa kwa mkopo. Nawapa, lakini kusahau sijasahau.

Kilichonishikilia ni Matendo 16. Wengi tunakimbilia maono ya yule mtu wa Makedonia aliyemsihi Paulo avuke akawasaidie, mistari ya kabla yake tunairuka. Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika jimbo la Asia. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Mtume mzima! Wakateremka Troa bila kujua waendako, na ndipo maono yakaja usiku. Aliyeona ni Paulo, lakini kundi zima liliridhika kwamba Mungu ndiye anayewaita. Hakuna aliyeburutwa. Na huko Filipi, mji wa Makedonia, pamoja na kumpata Lidia aliyekuwa akiuza rangi ya zambarau, Paulo na Sila walichapwa bakora wakatiwa gerezani. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ukipata shida umeshatoka kwenye mapenzi ya Mungu, mwambie aisome sura hiyo mpaka mwisho.

Miaka ya katikati siisimulii, ilikuwa ya kazi na kuweka akiba tu. Mwezi uliopita nimefungua duka langu mwenyewe la dawa muhimu. Kibali cha Baraza la Famasia kiko ukutani, na aliyepigilia shelfu ni mume wangu. Si yule wa kwaya!

Basi dada, omba. Soma Neno. Kisha omba tena. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote. Yote ni pamoja na ya mtumishi wako. Mungu hatishwi na maswali. Gideoni, alipotaka kuhakikisha kwamba Mungu ndiye anayemtuma, alitandaza ngozi ya kondoo akaomba umande uwe juu yake peke yake, ikawa. Akaomba tena, safari hii ngozi iwe kavu na ardhi iwe na umande, ikawa. Hakupigwa na radi.

Shida ya kizazi chetu ni njia ya mkato. Tunataka tuoneshwe mume, kazi, kiwanja, hata jirani anayeturoga, lakini nusu saa ya kukaa na Biblia hatuna. Tutaachaje kudanganywa? Mithali 3 inasema tumtumaini Bwana kwa moyo wote. Bwana, wapendwa, si kila anayelitaja jina lake kwenye kipaza sauti.

Barua ya kuacha kazi usiipeleke kwa mkurugenzi kwanza. Ombeni pamoja na mumeo, mtafute na mzee wa kanisa asiye na maslahi yoyote katika jambo hilo. Kisha mwendee huyo aliyeoneshwa, kwa adabu, umuulize watoto watasoma kwa ada ipi. Mtumishi wa kweli atakaa chini muongee. Akianza kukutisha na laana, Jumatatu nenda zako darasani ukafundishe.