Sindano ya kifundo cha mguu isichomwe nyumbani

Dada yangu, umesema baba ana sukari, kifundo cha mguu kimevimba tangu ateleze kwenye mkarafuu, na muuza dawa wa hapo Wete, Pemba, yuko tayari kuja kumchoma steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, nyumbani. Nakuomba sana, msikubali.

Kwanza ijulikane kilichovimbisha. Apigwe picha, pengine mfupa umevunjika. Na kama ndani mna usaha, steroidi hushusha kinga, maradhi yakapata nafasi ya kukila kiungo. Kifundo kikiwa cha moto, kimewiva, na homa juu, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano yenyewe si mbaya. Kwa yabisi ya kiungo hupunguza uvimbe na maumivu wiki kadhaa, pengine miezi. Lakini pa kupitia ni padogo mno: daktari hupapasa upenyo mbele ya kifundo, upande wa ndani wa ile kano nene inayotokeza ukiinua wayo, akikwepa mishipa ya damu na ya fahamu iliyo karibu. Kano ya kisigino ndiyo naiogopa zaidi. Ikichomwa steroidi yaweza kukatika.

Kwa baba, sukari itapanda siku chache baada ya sindano, basi apimwe kila siku. Daktari aambiwe dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda. Mpelekeni hospitali ya Chake Chake, au ya Abdalla Mzee pale Mkoani, mumuulizie daktari wa mifupa. Akishachomwa, apumzishe mguu siku mbili hivi, na karafuu wachume vijana.