Daraja jipya lijengwe wapi, na liwe na njia ngapi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mji wetu umekatwa na mto, na daraja tulilo nalo ni moja tu, la njia mbili. Foleni ya asubuhi na jioni haivumiliki. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mipango, na tumeletewa maeneo matatu ya kujenga daraja la pili: ubavuni mwa lile la zamani, kilomita tatu juu ya mto, mahali palipo pembamba penye kingo za mwamba, au upande wa chini, kwenye kona ya mto, ambako ardhi ni tambarare na haina watu. Wenzangu wengi wanataka njia sita ili tumalizane kabisa na foleni. Wewe ungeshauri nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hizo njia sita, maana ndiyo hoja inayopigiwa makofi mikutanoni, na ndiyo rahisi kuipima. Magari yakienda mfululizo bila kusimamishwa, njia moja hupitisha takriban magari 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Daraja la njia nne, yaani mbili kila upande, linaweza basi kuvusha magari 3,600 kwa saa kuelekea upande mmoja. Sasa yafuate magari hayo yanaposhuka. Mbele yake yanakuta makutano yenye taa. Taa ikiwapa kijani asilimia 40 ya muda, kila njia itapitisha kama magari 750. Hata mkiyapanua makutano yawe na njia tatu za kuingilia, mnapata 2,250. Mengine yote yanasubiri, na mahali pa kusubiria ni juu ya daraja. Yaani daraja la njia nne tayari linazidi uwezo wa makutano hayo, na njia mbili za nyongeza zitakuwa maegesho ya bei mbaya juu ya maji.

Kwa hiyo mshauri wenu aulizwe kwanza gari likishavuka linakwenda wapi. Kuhesabu magari kwenye daraja la zamani hakutoshi. Hesabu hiyo inaonyesha wangapi wanavuka, lakini haisemi wametoka wapi wala wanaelekea wapi. Inabidi madereva na abiria waulizwe safari zao. Mkikuta sehemu kubwa ni malori na mabasi yanayopita tu, hitaji lenu ni barabara ya mchepuo ambayo daraja ni kipande chake. Mkikuta wengi wanatoka mtaa huu kwenda mtaa ule, hitaji ni jingine kabisa. Wakumbukeni pia wale wasiovuka leo kwa kuogopa foleni: daraja likifunguliwa watakuja, na hawamo kwenye hesabu ya jana. Isitoshe, mwaka 1968 mwanahisabati wa Ujerumani, Dietrich Braess, alionyesha kwamba kuongeza kiungo kimoja kwenye mtandao wa barabara kunaweza kurefusha safari ya kila mtu, endapo kila dereva anachagua njia inayomfaa yeye. Kwa hiyo mtandao wote upigiwe hesabu pamoja na daraja, kabla mchoro wa daraja lenyewe haujaguswa.

Ukipima maeneo yenu kwa jicho hilo, la kwanza linaanguka mapema. Daraja la ubavuni litamwaga magari kwenye makutano yaleyale yaliyokwisha kulemewa. Ajali moja hapo itafunga madaraja yote mawili. Tena nguzo mpya zikikaa karibu na za zamani bila kupangwa sambamba na mkondo, zitavuruga maji na kuuchimba mchanga chini ya misingi. Mimi ningelikubali eneo hilo pale tu ambapo daraja la zamani linakwenda kustaafishwa.

La tatu, kwenye kona, ndilo ninaloliogopa zaidi, ingawa litakuwa na watetezi wengi kwa sababu halina fidia. Mto kwenye kona hula ukingo wa nje na kutupa mchanga ukingo wa ndani, kwa hiyo kona yenyewe huhama taratibu. Na ardhi tambarare isiyo na watu kando ya mto mara nyingi ni bonde ambalo mto hulitumia ukifurika. Mkijenga tuta la barabara kulikatiza bonde hilo, mmejenga bwawa. Maji yatapanda upande wa juu, kisha yote yatalazimika kujibana kwenye uwazi wa daraja yakiwa na kasi kubwa. Tuta la namna hiyo linahitaji makalavati makubwa au madaraja madogo ya kupumulia, na yakijumlishwa gharama zake, unafuu wa fidia unapotea.

Mfano unaojulikana sana kwa wahandisi ni wa Choluteca, nchini Honduras. Kimbunga Mitch kilipopiga mwaka 1998, daraja lililokuwa jipya kabisa lilibaki limesimama. Barabara unganishi zilisombwa, na mto ukajichimbia mkondo mwingine kando ya daraja.

Mtasikia pia neno "mafuriko ya miaka 100", na wajumbe watadhani yatakuja mara moja kila karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1. Kwa daraja litakalotumika miaka 50, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unakaribia asilimia 40.

Limebaki eneo la juu. Kwa maelezo uliyonipa, ndilo ningelichagua, kwa masharti. Mwamba kingoni haumaanishi mwamba katikati, kwa hiyo udongo utobolewe na kupimwa kila mahali patakaposimama nguzo. Mto ukiwa mwembamba huwa na kina na kasi, na maji yanayopiga nguzo ya duara yanaweza kuchimba shimo la kina cha zaidi ya mara mbili ya upana wa nguzo hiyo. Daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York lilianguka Aprili 1987 kwa sababu hiyo, watu kumi wakafa. Kama kingo zinaruhusu kuvuka kwa urefu mmoja bila nguzo majini, chaguo hilo lipigiwe hesabu hata kama bei yake ya awali inatisha.

Kisha kimo. Chukulia kwamba vyombo vya majini vinalazimu sakafu ya daraja iinuke mita 8 juu ya barabara ya sasa. Kwa mteremko wa asilimia 4, ambao malori yanaumudu, kila upande utahitaji mita 200 za kupandia. Barabara ya kandokando ya mto itapitiwa kwa juu, na wakazi wake watauliza wanaingilia wapi. Jibu liwepo kabla ya kutangaza zabuni.

Sharti kubwa kuliko yote ni barabara unganishi. Zikirudi zote mbili kwenye makutano ya daraja la zamani, mtakuwa mmerefusha foleni kwa kilomita tatu. Ziunganishwe na barabara kuu kabla hazijafika katikati ya mji, na ukanda wake utengwe sasa, viwanja havijapimwa. Milango ya maduka na vituo vya mafuta isiruhusiwe kufunguka moja kwa moja juu yake. Kwa upana, njia nne zinatosha kuanzia, pamoja na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli pande zote mbili. Acheni pia nafasi ya mabomba ya maji na nyaya.

Jambo moja halimo kwenye swali lako: uchimbaji wa mchanga. Mwaka 2001 daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno, lililokuwa limedumu zaidi ya miaka 100, liliporomoka na watu 59 wakapoteza maisha. Uchimbaji wa mchanga ulikuwa umechangia kushusha sakafu ya mto. Wekeni marufuku ya kuchimba mchanga karibu na madaraja, na sakafu ya mto ipimwe kila baada ya mafuriko. Lile la zamani lianze kupimwa msimu huu, kwa kuwa ndilo litakalobeba magari yenu yote hadi jipya lifunguliwe.