Re: Imani yangu ni ya Jumapili tu, nifanyeje?
Ndugu umeuliza ufanyeje imani ionekane Jumatatu mpaka Jumamosi, maana kanisani unaenda, unafunga, unaomba, ila ukirudi mtaani huna tofauti na wengine. Mi nilikuwa hivohivo. Kuna mama jirani alitoka hospitali nikaenda kumwona, nikamwambia tunakuombea mama, akajibu asante mwanangu huku macho yake yako kwenye ndoo tupu pale mlangoni, na mimi ile ndoo niliiona na bado nikaondoka! Usiku nikakutana na Yakobo 2:15-16, yule anayemwambia mwenye shida nenda kwa amani ukashibe halafu hampi kitu, aisee nilijiona mimi kabisa. Kesho yake nikarudi nikachota maji, sikuhubiri chochote.

Kwa hiyo usianze na makubwa, anza na madeni. Siriasi, kama kuna mtu unamkwepa sababu hujamlipa mpigie leo, hata kama hela haijatimia mwambie utalipa lini. Zakayo, yule mtoza ushuru kwenye Luka 19, hakukimbilia kwaya, alisema nusu ya mali anawapa maskini na kama kamdhulumu mtu anamrudishia mara 4 (na mahubiri yenyewe hajapigiwa, au basi Luka hakuyaandika hehe). Kazini nako bosi akitoka piga kazi vilevile.

Ila ukisaidia mtu usimpige picha ukaposti, Mathayo 6 imesema wazi tusitoe ili tuonekane na watu. Na ukiteleza ukamjibu mtu vibaya, kamwombe msamaha yeye mwenyewe, usiishie kutubu chumbani tu.