Kabla hujahamia mbio za lami

Miaka yangu ya mwanzo kwenye mbio za magari niliendesha kwenye vumbi na changarawe tu, na watu wa lami niliwadharau kimoyomoyo. Barabara imesawazishwa, imepigwa mstari katikati, kuna ugumu gani hapo? Dereva hujulikana vumbini, ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikajiandikisha kwenye mbio zangu za kwanza za lami, na katika mkondo wa pili tu, yaani kipande cha pili cha barabara kinachopimwa muda, kwenye kona ambayo hata sikuihesabu kuwa kona, nikaubamiza mkia wa gari kwenye nguzo ya mawe.

Mwelekezi wangu, anayeketi kando yangu na kunisomea noti za kona tulizoziandika tulipokagua barabara, ni dada aliyekuwa akisoma noti kabla mimi sijapata leseni. Aliisoma sawasawa: nne kulia, namba ikiwa kipimo cha ukali wa kona. Nami nikaiingia kama nne kulia. Tatizo ni kwamba magari yaliyotutangulia yalikuwa yamekata kona ile kwa ndani, tairi zikachota udongo ukingoni na kuumwaga juu ya lami. Utando mwembamba tu wa rangi ya kahawia, tena umelowa umande. Nilipouona nilikuwa tayari juu yake.

Gari lilipotulia nikamwuliza, "Dada, si umesema nne?"

Akafunga daftari. "Nne ndiyo. Sikusema kavu."

Nimeshauriwa na wengi tangu siku ile, ila sijapata neno lililonifaa kuliko hilo. Vumbini unasoma kona. Kwenye lami unasoma uso wa barabara kwanza, kona baadaye.

Kwenye changarawe gari huteleza tangu unapoingia kona hadi unapotoka, na kule kuteleza ndiko kunakokupa habari: limezidi kidogo, limepungua kidogo, ongeza mafuta, achia. Unazoea kuishi humo. Lami haisemi nawe hivyo. Inashika, inashika, inashika, halafu ghafla haishiki, na wakati huo una kasi kubwa kuliko uliyowahi kuwa nayo kwenye kona ya namna ile. Pembeni nako hakuna nafasi ya kuomba msamaha: kuna ukuta, mti, mtaro, au jiwe la mpaka. Kule Corsica, kisiwa cha Ufaransa, kwenye mbio zinazojulikana kwa jina la utani la kona elfu kumi, upande mmoja ni mwamba na mwingine mara nyingi ni bonde. Huko ndiko dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikofariki mwaka 1986, ajali iliyochangia kufutwa kwa magari ya Kundi B, yale yenye nguvu kupita kiasi, katika ubingwa wa dunia. Sisemi haya kukutisha. Nasema ili usiichukulie lami kama changarawe iliyofagiliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa vumbi huchelewa kulielewa. Kwenye changarawe kavu anayetangulia ndiye anayeumia, kwa kuwa anawafagia wenzake mawe madogo. Kwenye lami mambo hugeuka. Wa kwanza hupata barabara safi, na kila gari linalokata kona linamwachia anayefuata uchafu zaidi. Sasa wewe mgeni utapangwa nyuma. Maana yake barabara uliyoikagua kwa utulivu siyo barabara utakayoikuta siku ya mbio.

Kwa hiyo unapokagua, jiulize kila mara: hapa watakata? Ukingo ukiwa wa udongo na kona ikiwa wazi upande wa ndani, watakata, usiwe na shaka. Andika. Mimi natumia herufi "u" ndogo juu ya noti, na dada huisoma "chafu". Andika pia lami inapobadilika rangi: ile ya kijivu iliyosuguliwa na magari kwa miaka haishiki kama ile yenye kokoto zinazoonekana. Chini ya miti andika hata kama jua linawaka, maana kivuli huhifadhi unyevu mpaka adhuhuri. Madaraja, mageti ya mashamba, viraka, vyote viingie daftarini. Kwenye mbio za Monte-Carlo, ambako unaweza kukuta lami kavu, maji na barafu ndani ya mkondo mmoja, madereva wakubwa wana watu wao wanaopita mapema na kusahihisha noti. Wewe hutakuwa nao. Mkondo ukirudiwa mchana, msimamishe mwelekezi wako kidogo mara baada ya kumaliza wa asubuhi, mkaandike mlichokiona kabla hakijawatoka kichwani.

Breki nazo. Magari ya daraja la juu hutumia diski za mbele za milimita 370 kwenye lami na 300 kwenye changarawe, na sababu utaijua mguuni. Mara ya kwanza pedali yangu kuzama hadi chini, tulikuwa tunateremka mlima na nilikuwa nimebeba mazoea ya vumbini ya kugusagusa breki kwa mguu wa kushoto ndani ya kona ili kuulainisha mkia. Mafuta ya breki yalichemka. Badilisha mafuta hayo kabla ya mbio, usingoje yawe meusi. Kisha kanyaga breki kwa nguvu, mara moja, gari likiwa limenyooka, uachie.

Kuhusu gari lenyewe sina mengi. Litashushwa chini, springi zitakuwa ngumu, tairi pana zenye mifereji michache. Ila usiuze shamba kutafuta gari linalosukuma magurudumu manne. Mwaka 1999 dereva Philippe Bugalski alishinda Catalunya, kule Hispania, na Corsica, mbio za ubingwa wa dunia, kwa Citroën Xsara inayovutwa na magurudumu ya mbele tu, akiwaacha waliokuwa na magari yanayosukuma magurudumu manne. Gari dogo lililotunzwa, kwenye lami kavu, lina nafasi yake. Wala halitarudi nyumbani limepigwa mawe tumboni.

Sasa utaniuliza, kwa mateso yote hayo, unarudi kwa nini?

Ni kwa sababu ya zile kona tano sita zinazofuatana, noti zinapofika sikioni kwa wakati wake na mikono haina haraka. Tazama video za bingwa wa dunia Sébastien Loeb, aliyeshinda mikondo yote 12 ya Corsica mwaka 2005. Gari linakimbia, mtu ametulia. Siku nikiipata hata robo ya hali hiyo, tairi hulia kwa sauti moja ya chini, isiyopanda wala kukatika. Zikianza kupiga kelele za juu, ujue unateleza na unazichoma. Mwisho wa mkondo shuka uziguse: mpira ukiwa umechanika vipande vidogo vilivyojikunja, kama ngozi iliyobabuka, umeendesha kwa fujo, na saa itakwambia hivyohivyo.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye kona yangu. Daftari lilisema, nami nikasikia vizuri: nne kulia, chafu. Nikapunguza mapema. Kona ilikuwa safi kabisa, kavu, haina hata punje ya udongo. Tukapita pale kama watu wanaotafuta maegesho. Mbele kidogo nikamwambia dada tumepoteza sekunde mbili za bure.

"Nidai mwisho wa mkondo," akasema, na kufunua ukurasa. "Sita kushoto, kavu."