ILS ukiwa peke yako kwenye Cessna 172: otopailoti au mkono?

Mkuu, umeuliza ufuate ushauri wa nani. Umepata idhini ya kuruka kwa vyombo majuzi na 172 unayokodi ina otopailoti ya KAP 140. Mwalimu wako anataka kila ILS (mawimbi ya redio yanayokuongoza kushuka hadi njia ya kutua) uirushe kwa mkono, rafiki yako anasema kufanya hivyo ndani ya wingu ukiwa peke yako ni kujitafutia balaa. Nilifundisha Nairobi kabla ya kuhamia ndege ya Caravan, na kwangu jibu ni hili: wingu likiwa chini kweli na huna rubani wa pili, washa otopailoti. Ila uwe na uwezo wa kuipokonya ndege sekunde yoyote.

Rafiki yako ana hoja. Peke yako unashika usukani, unajibu mwongoza ndege, unabadili masafa, unasoma chati na kukumbuka utapitia wapi ukighairi kutua. Hata Marekani, ndege ndogo za kukodi zinazobeba abiria kwa vyombo kwa kawaida zinatakiwa kuwa na rubani wa pili, lakini sheria inakubali otopailoti iliyoidhinishwa ishike nafasi yake.

Hatari kubwa ninayoiona mimi iko kwenye makabidhiano, pale ambapo rubani hajui nani anafanya nini. Asubuhi za Julai Nairobi mawingu hukaa chini, na mwanafunzi mmoja niliyekuwa naye tukielekea uwanja wa JKIA alichelewa kushushwa na mwongoza ndege, tukaukuta mteremko wa ILS uko chini yetu. Alishabonyeza APR, kitufe cha kuiambia otopailoti ifuate ILS, akaamini kazi imeisha, akapunguza moto (nguvu ya injini) ili ndege ianze kushuka. KAP 140 inaweza kuunasa mteremko kutokea juu au chini, lakini ukishikilia kimo huku mteremko uko chini yako hamtakutana, kwa hiyo ilibaki kwenye ALT, hali ya kushikilia kimo. Ikafanya ilichoambiwa. Pua ikainuka taratibu, trimu (kirekebishi kinachoshikilia pua bila wewe kukaza usukani) ikajizungusha kuelekea nyuma, spidi ikaanza kuliwa. Yeye macho yake yalikuwa kwenye chati.

Na hapo ukishtuka, ukazima otopailoti na kusukuma moto wote, unapokea ndege yenye trimu ya pua juu. Inataka kupanda kuliko uwezo wake, nawe uko ndani ya wingu. Shika usukani imara kwanza, sukuma pua, ndipo urekebishe trimu. Ndiyo maana nawasihi watu wasome maandishi ya kwenye kisanduku cha otopailoti, wasitegemee kitufe walichobonyeza. Mpaka uone GS (alama ya mteremko) imechukua nafasi ya ALT, bado hujanasa kitu. Tamka kwa sauti, hata ukiwa peke yako.

Mwalimu wako naye hakosei, maana mkono usiotumika husahau haraka. Siku ya anga safi, mchukue rubani wa usalama wa kukuangalizia nje, vaa kofia ya kukuzibia nje, rusha ILS nzima kwa mkono. Jua namba zako: chukua spidi yako juu ya ardhi, zidisha kwa 5, hiyo ndiyo kasi ya kushuka kwenye mteremko wa nyuzi 3. Dar bila upepo, noti 90 zinakupa futi kama 450 kwa dakika. JKIA, iliyo futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, noti 90 hizohizo za kwenye kipimo ni karibu 100 za kweli, kwa hiyo unahitaji 500. Ukizijua, utagundua mapema kwamba otopailoti imepotea.

Kuhusu wakati wa kuizima: kwa 172S yenye KAP 140, iwe imezimwa kabla ya futi 200 juu ya ardhi. Mimi huizima nikishaiona njia ya kutua, au mapema kabisa kabla sijaanza kushuka kama haieleweki inachofanya. Kuizima futi 300 ndani ya wingu kwa sababu tu mshale wa ILS umesogea kidogo, sikushauri. Hapo ghairi kutua, panda, uombe kuanza upya. Na kupanda huko jiandae kukufanya kwa mkono, kwa hiyo hata mazoezi ya otopailoti yamalizie kwa kughairi.