Marehemu si mgonjwa aliyehama

Ukichambua data za wagonjwa wanaolazwa mara kwa mara, tuseme wale ambao moyo umeshindwa kufanya kazi sawasawa, chora kwanza grafu ya vifo ya kila kundi la matibabu yanayolinganishwa. Nimefanya uchambuzi wa aina hii kwa miaka kadhaa, na hiyo ndiyo grafu ninayoiomba kabla ya kingine chochote.

Mgonjwa aliyehama bado anaweza kulazwa kesho, ila hatutamwona. Aliyefariki hawezi tena. Chukua mfano wa makundi mawili yenye watu 100 kila moja, yakafuatiliwa mwaka mzima. La kwanza lina kulazwa mara 80 na vifo 10. La pili, lililopewa dawa inayojaribiwa, mara 60 na vifo 35. Anayehesabu kulazwa peke yake atalisifu la pili, na dawa yenye madhara itapita.

Wengi hukimbilia modeli ya Andersen na Gill ya 1982, inayokadiria kasi ya matukio yanayojirudia, iliyojengwa juu ya ile ya Cox ya 1972 ya muda hadi tukio kutokea. Si mbaya, mradi kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya makadirio, likokotolewe kwa kuzingatia kwamba safu nyingi za data ni za mtu yuleyule: mtu mmoja kulazwa mara tano si ushahidi wa watu watano. Tatizo langu ni pale kifo kinapoingizwa kama mwisho wa kawaida wa ufuatiliaji, kana kwamba mtu amehama tu. Hapo umedai kimyakimya kwamba waliokufa wangelazwa kwa kasi ileile ya waliobaki hai, wakati mara nyingi wanaolazwa sana ndio wanaotangulia kufa.

Njia ya Ghosh na Lin, ya mwaka 2000, hukadiria wastani wa idadi ya matukio hadi muda fulani, na marehemu hubaki na hesabu aliyofikia. Inamfaa sana anayepanga vitanda vya hospitali. Lakini ikisimama peke yake inaweza kuipendelea dawa inayoua, kwa hiyo isomwe pamoja na ile grafu ya vifo.

Mimi huegemea modeli ya pamoja ya Liu, Wolfe na Huang ya 2004. Kila mgonjwa hupewa frailti, yaani kiwango chake cha udhaifu kisichopimwa moja kwa moja, kinachogusa kulazwa na kifo kwa wakati mmoja. Katika R, programu ya takwimu, ipo kwenye kifurushi cha frailtypack, na cha kutazama ni alfa, namba inayoonyesha frailti inavyohusiana na kifo: ikiwa juu ya sifuri, wanaolazwa mara nyingi hufa mapema zaidi. Vifo vikiwa vichache, alfa huyumba, na hapo usiitegemee.

Kagua na tarehe. Aliye kitandani hawezi kulazwa upya hadi aruhusiwe, kwa hiyo siku hizo ziondolewe kwenye muda wake wa kuwa hatarini kulazwa, lakini zibaki kwenye hesabu ya kifo. Aliyefia wodini ana matukio mawili, na yote mawili yaandikwe.