Ua lililoota penye kifusi si lazima liwe mgeni

Juzi msomaji amenitumia picha ya ua la buluu kando ya mtaro uliochimbwa karibuni. "Mwalimu, hili ni la asili au gugu la kuja?" Nalijua sana. Kwa ajili ya ua hili nilishushuliwa mbele ya watu na bwana mmoja mwenye vyeti, aliyesema penye udongo uliovurugwa huota wageni tu. Picha yangu wala hakuitazama vizuri. Bado inaniuma, sifichi.

Niling'oa mmea mzima. Juu, petali mbili kubwa na ya tatu ndogo, kama imesahauliwa. Kwenye ala za majani, yaani sehemu ya jani inayokumbatia shina, vinyweleo vya rangi ya kutu. Chini ya udongo ndiko kwenye utamu: vimaua visivyofunguka kamwe, vinavyojichavusha gizani na kutoa mbegu hukohuko. Commelina benghalensis! Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa jina hilo mwaka 1753, na asili yake ni Afrika na Asia ya tropiki. Niliweka picha za mizizi. Bwana yule kimya mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ng'oeni. Picha ya ua peke yake haitoshi. Narudia, haitoshi. Mbegu za mimea mingi ya asili hulala ardhini miaka kadhaa, na jembe likizifunua zikapata mwanga, zinaamka. Wageni nao wanapapenda hapohapo, ndiyo maana mahali hapathibitishi kitu. Tena "asili" bila kutaja asili ya wapi ni maneno matupu: nchini Marekani Commelina hii imo kwenye orodha ya serikali kuu ya magugu hatari.

Kishona nguo tunakizoea tangu utotoni tukadhani ni chetu. Kimetoka bara la Amerika. Tridax procumbens pia, yule wa ua moja juu ya kikonyo kirefu, petali za pembeni zikiwa na meno matatu nchani. Mgagani ndio wa Afrika na Asia: stameni zake, yaani viungo vya kiume vya ua, hazianzii penye petali, zimepandishwa juu kwenye kijiti chembamba, na tunda ni ganda refu jembamba.

Mkikwama kati ya spishi mbili, msikisie. Fungeni uzi kwenye shina la mmea mwenzake mlioubakiza, mrudi tunda likikomaa.